Kengele, Mkaguzi wa Magurudumu Yetu

Mwaka mmoja umetimia sasa tangu utuache, Kengele, na baiskeli zinatoka karakanani kwetu kimya kimya kama wezi.

Tunakuandikia wewe, ingawa tunajua hukuwahi kusoma hata herufi moja. Watakaosoma ni majirani, wateja na wale waliofika kukuzika. Wacha wasome. Wengine walikuona kila siku kwa miaka kumi na minne na bado hawajui walikuwa wanamwona nani.

Kuna neno lilisemwa siku ya mazishi yako. Shangazi yako alimshika baba yako bega, akamwambia kwa upole, "Kaka, shukuru. Mtoto amepumzika, na ninyi mmepumzika." Hakuwa na nia mbaya, maneno hayo husemwa kila mahali akifa mtoto wa namna yako. Baba yako alitaka kujibu, akaishia kumwambia asogeze kiti watu wapite. Tangu siku hiyo neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo tunalitoa.

Ulizaliwa asubuhi ya mvua. Ulipolia mara ya kwanza, mkunga aliinama akachungulia chini ya kitanda. "Nani kaingiza paka humu ndani?" akauliza.

Mama yako, hoi bin taabani, akamjibu, "Paka mwenyewe umemshika mkononi."

Mkunga alicheka, kisha akakutazama vizuri, akaacha kucheka. Ulikuwa mdogo mno. Kichwa chako kingeenea kwenye kiganja cha baba yako, macho yako yameachana mno, na titi hukuweza kulivuta. Mama yako alikulisha kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili, miezi saba. Anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na alikuwa akikimbia nyumbani katikati ya kazi, mikono bado ina povu. Mtaani nako midomo haikulala. Mmoja alisema mama yako alimpiga paka mimba ikiwa changa. Mwingine akasema ni jicho la watu. Baba yako, ambaye hajui kumung'unya maneno, aligombana na nusu ya mtaa, lakini moyoni hata yeye alikuwa anajiuliza.

Ndipo daktari wa watoto, yule mama mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, akachukua damu yako na damu ya wazazi wako. Majibu yalikaa wiki sita. Siku alipowaita, alianza kuchora vijiti kwenye karatasi, akaona baba yako amekunja uso.

"Mzee, wewe unafanya kazi gani?" akamuuliza.

"Baiskeli."

"Basi tuviite minyororo."

Akaeleza. Kila chembe ya mwili wa mtu ina minyororo midogo arobaini na sita isiyoonekana kwa macho. Imepangwa jozi jozi, mmoja umetoka kwa baba, mwenzake kwa mama. Kila pingili ni agizo: hapa koo, hapa macho, hapa miguu ishike nguvu. Wao huiita kromosomu. Kwako wewe, mnyororo mmoja wa jozi ya tano ulikatika ncha, na pingili za ile ncha zikapotea kabla hata hujawa na umbo. Ndiyo maana koo lako lilikuwa laini na jembamba ukalia kama mtoto wa paka, na ugonjwa wenyewe unaitwa hivyo hivyo, ugonjwa wa kilio cha paka. Ndiyo maana misuli yako ililegea. Kilio kingebadilika ukikua, lakini kukaa, kutembea na kusema vingechelewa sana, na vingine pengine visingefika. Watoto kama wewe ni mmoja katika makumi ya maelfu.

"Nani aliyeukata?" baba yako akauliza.

"Hakuna."

"Daktari, mnyororo haukatiki wenyewe."

"Huu hukatika wenyewe. Mbegu ya baba inapotengenezwa, au yai la mama, mara moja moja kipande kinadondoka. Zipo familia ambazo mzazi ndiye anayebeba hitilafu bila kujijua, ndiyo maana tukawapima. Ninyi minyororo yenu ni mizima. Si chakula, si kazi, si jicho la mtu."

Mama yako alianza kulia hapo, kwa kutuliwa mzigo. Baba yako yeye alikuwa ameshika sentensi moja tu.

"Umesema wangu ni mzima."

"Ndiyo."

"Basi toa pingili kwangu, mwekee yeye."

Daktari hakumcheka. Alivua miwani, akamwambia kwamba mwili wako una chembe zisizohesabika na kila moja ina mnyororo ule ule uliokatika. "Hakuna karakana ya kazi hiyo, mzee. Huyu atahitaji mazoezi, subira na watu wa kumwelewa. Na msisahau jambo moja: ataelewa mengi kuliko atakayoweza kusema."

Maneno hayo ya mwisho baba yako hakuyasikia. Kwa fundi baiskeli, mnyororo uliokatika ni kazi ya dakika kumi. Alifunga karakana, akakubeba mgongoni, akazunguka hospitali tatu na swali lile lile: nani anaweza kuunga? Karibu mwaka mzima. Wewe ulikuwa unatafuna kola ya shati lake, na kila daktari alikuwa anamwambia lile lile la kwanza.

Aliyemrudisha njiani ni mama yako. Alirudi kutoka kufua, akamkuta anafunga mkoba wa safari ya nne, akasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Baba watoto, mnyororo ukikosa pingili, na pingili yenyewe dukani hakuna, unafanyaje?"

"Nasogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo, mnyororo ushike."

"Baiskeli inakwenda?"

"Inakwenda. Polepole, lakini inakwenda."

"Basi sogeza gurudumu. Mwaka mzima unatafuta kipande, mtoto mwenyewe huyu hapa hujamtazama."

Baba yako alikaa chini. Hajawahi kushinda mabishano na mama yako, lakini hilo ndilo pekee analojivunia kushindwa.

Kesho yake alifungua karakana. Akachukua magurudumu ya baiskeli za watoto, bomba za fremu kuukuu na usukani mmoja, akakuundia kigari cha kushikilia. Dada yako, aliyekuwa na miaka sita, ndiye aliyekuwa kipimo, kisha kikapunguzwa. Cha kwanza kilipinduka. Cha pili kilikuwa kizito, ukakikataa kwa kumuuma mtengenezaji. Hatutasema hapa kwamba ulikuwa malaika. Uliuma baba, uliuma dada, ulimuuma daktari wa meno mpaka naye akahitaji daktari, na ulipokasirika sana ulijiuma mkono wako mwenyewe, jambo lililotuumiza kuliko yote. Cha tatu ulikikubali. Ulikuwa na miaka mitano na miezi miwili ulipotoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa karakana, hatua arobaini na tatu, bila mtu kukugusa. Mzee wa duka la dawa alitoka nje kuangalia. Baba yako alijifanya ana grisi machoni.

Tangu siku ile karakana ikawa yako. Makelele yalikutesa, nyundo ikigonga chuma uliziba masikio ukatetemeka. Lakini gurudumu likizunguka hewani ulitulia kama umemwagiwa maji ya baridi. Ulikaa kwenye kigoda chako pembeni ya benchi, umeinamisha kichwa, unasikiliza. Baba yako alikupa kengele kuukuu ya baiskeli uchezee. Ndiyo ilikupa jina.

Miezi ikapita kabla ya yeyote kugundua unafanya nini. Dada yako ndiye aliyesema: "Baba, haigongi ovyo. Gurudumu likiwa zuri anagonga. Likiwa baya anaifunika." Baba yako alisema ni bahati tu. Ulikuwa na maneno yasiyozidi tisa, na moja lilikuwa "bado". Ukifunika kengele kwa kiganja ulisema "bado", na baba yako alicheka akaendelea na kazi.

Mpaka siku ya mwuza mikate. Ilikuwa asubuhi, kreti tayari iko nyuma ya baiskeli, na gurudumu la nyuma limetoka kutiwa gololi mpya na grisi. Baba yako alilizungusha mara moja. Ukafunika kengele.

"Bado."

"Fundi, mkate hausubiri," mwuza mikate akasema. "Huyu binti ananizuia mimi?"

"Nenda, nenda. Huyu anacheza tu."

"Bado," ulisema tena, na ukashika shati la baba yako. Alikubandua vidole kimoja kimoja.

Kwenye kona ya duka la dawa ekseli ilikatika. Mikate ilitapakaa barabara nzima, na mwuza mikate akavunjika kifundo cha mkono. Baba yako alipoifungua ekseli aliona ufa wa zamani, umekwisha kushika kutu ndani. Alikuwa ameishika ekseli ile mkononi asubuhi hiyo hiyo, akaipaka grisi, asiuone. Wewe uliusikia.

Alirudi karakanani akapiga magoti mbele ya kigoda chako. "Mama, nisamehe," alisema. "Umeniambia mara mbili."

Wewe ulikuwa unakula mmoja wa ile mikate. Ulimpa kipande.

Siku ile ndipo alipokumbuka alichoambiwa na daktari miaka mingi nyuma, kwamba utaelewa mengi kuliko utakayoweza kusema. Alichukua ubao akaandika sheria. Dada yako akamsahihisha maneno mawili, kwa sababu baba yako shule aliiacha mapema na tahajia iliachwa huko huko. Ubao ukapigwa misumari mlangoni: BAISKELI HAITOKI BILA KENGELE.

Miaka saba sheria hiyo haikuvunjwa. Wapo walioichukia. Msimamizi mmoja wa kiwanda alisimama katikati ya karakana akisema, "Yaani mimi, mtu mzima, nisubiri ruhusa ya mtoto mgonjwa?"

"Mgonjwa nani?" baba yako akamjibu. "Kilicholetwa hapa kibovu ni gurudumu lako."

Msimamizi alisubiri. Ulimweka saa nzima. Mara mbili tu katika miaka yote hiyo tulifungua gurudumu ulilolikataa tusikute kitu, na mara moja kati ya hizo ulikuwa na njaa.

Wateja wakiuliza mtoto ana nini, baba yako hakushusha sauti. Alitundika minyororo miwili kwenye msumari, mmoja mzima, mwingine ameutoa pingili kwenye ncha. Aliishusha akaeleza kama alivyoelezwa: jozi ya tano, ncha iliyokatika, hakuna aliyeikata. Alieleza wauza maziwa, matarishi, walimu. Mwalimu mmoja wa sayansi alisema hajawahi kusikia somo hilo likifundishwa vizuri namna ile, na baba yako, mtu wa darasa la tano, alitembea na maneno hayo wiki nzima. Mtaani hakuna tena aliyetaja paka aliyepigwa.

Mama yako alikufundisha kuvaa gauni, kazi ya miaka miwili. Dada yako alitunga ishara za mkono ishirini na sita, zako na zake, na mlikuwa mnatuseng'enya mezani tukiwa tunatazama. Ulipenda maji ya uvuguvugu, kofia za watu wengine na harufu ya mpira mpya. Hukupenda viatu. Ulimkumbatia kila mtu aliyelia, hata usiyemjua, hata aliyekuwa analia kwa sababu umemuuma.

Kifua ndicho kilichokuchukua. Kilikuwa kinakusumbua tangu utotoni, na safari hii hakikurudi nyuma. Siku ya kulazwa walikulaza kwenye kitanda cha magurudumu, na kilipokuwa kinasukumwa koridoni gurudumu moja likawa linalia. Ulikuwa huna hata nguvu ya kufungua macho. Uliinua mkono.

"Bado."

Muuguzi alidhani unakataa kwenda wodini. "Twende, mwanangu, usiogope," akasema.

"Haogopi," baba yako akamwambia. "Anakukataza kusukuma kitu kibovu."

Akapiga magoti pale pale, akatoa spana mfukoni, akakaza, akatia mafuta kutoka kile kikopo asichokiacha nyumbani hata siku ya harusi ya mtu. Kitanda kiliposogea tena hakikulia. Mkono wako ukashuka. Ulikaa siku nne baada ya hapo, lakini neno la mwisho tulilolisikia kinywani mwako ni hilo. Wengine huondoka wakiwa wanaomba maji. Wewe uliondoka ukiwa kazini.

Sasa lile jibu ambalo baba yako hakulitoa mazishini.

Miezi miwili iliyopita daktari yule wa miwani ya plasta alituma watu karakanani. Mke na mume, vijana bado. Mke aliingia na mtoto mchanga kifuani. Mume alibaki nje, ametupa mgongo, anatazama barabara isiyo na kitu cha kutazama. Mtoto akalia.

Spana ilimponyoka baba yako. Mama yako, aliyekuwa ameleta chakula, alishika ukingo wa benchi. Kilio ni kile kile, Kengele. Mwuza mikate, aliyekuwa anasubiri baiskeli yake, alivua kofia.

Baba yako alishusha minyororo miwili akatoka nayo mpaka nje alipo yule kijana, akaanza. Jozi ya tano. Ncha. Hakuna aliyekata. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nikisema watoe kipande kwangu?"

"Niliuliza," baba yako akasema. "Haiwezekani. Nilipoteza mwaka kuuliza. Wewe usiupoteze, ingia ndani umshike."

Mke ndiye aliyeuliza swali tulilokuwa tunaliogopa. "Wa kwenu alifika wapi?"

Alitaka kujua mtoto wake atafika wapi, na tulichokuwa nacho ni kigoda kitupu. Baba yako alikionyesha kwa kidole.

"Alifika hapo. Alikuwa mkaguzi wa karakana hii miaka saba. Amefariki mwaka jana, kifua. Lakini baiskeli haikutoka hapa bila yeye."

"Mimi ni shahidi," mwuza mikate akasema, akainua mkono wake ambao haujanyooka vizuri tangu siku ile. "Siku moja tu hatukumsikiliza."

Kijana alikuwa ameingia sasa, amesimama karibu na mkewe. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: "Mzee, niambie ukweli. Hamkuchoka?"

Hapo ndipo mwiba ulipotoka.

"Mikono ilichoka," baba yako alisema. "Mgongo ulichoka, mpaka leo unauma. Mke wangu amelala akiwa amesimama mara nyingi kuliko punda. Lakini yeye hatukumchoka. Waliotuambia tumepumzika hawajui. Kazi aliyoimaliza yeye kwa kuinamisha kichwa, mimi sasa inanichukua nusu saa, nafungua kila gurudumu mara mbili, na bado sina hakika."

Kijana alinyoosha mikono. Mkewe akampa mtoto. Alimshika vibaya, kama mtu aliyeshika bakuli la supu, lakini alimshika.

Tuliwapa kigari chako, kile cha tatu. Usikasirike, tuliona ungetaka kitembee. Mama yako aliwaambia ni cha miaka mitano ijayo, wasikimbize mambo. Kabla hakijatoka, baba yako alikizungusha gurudumu la kwanza, akainamisha kichwa kama ulivyokuwa unafanya wewe, akasikiliza. Akakaa chini akalifungua.

"Lina tatizo?" kijana akauliza.

"Sijui. Ngoja nione tena."

Wakangoja. Hapa kwetu watu wamezoea kungoja.

Wanaokukumbuka ni mama yako, ambaye bado anaamka saa za kukulisha, dada yako, ambaye mikono yake bado inazungumza akiwa peke yake, baba yako fundi, mwuza mikate, aliyeomba kuandikwa kama ndugu, naye ameandikwa, na shangazi yako, aliyesomewa maneno haya kabla hayajatoka, akasema, "Yaacheni hivyo hivyo, hata pale paliponitaja."

Ubao uko mlangoni. Kigoda kiko pembeni ya benchi na hakikaliwi na mteja. Hatujapumzika, Kengele, wala hatukusahau.